VVU vilianza lini? Jibu limo kwenye vinasaba vyake

Ndugu, umeuliza watu wanajuaje VVU vilikuwepo mwanzoni mwa karne iliyopita, ilhali UKIMWI uligunduliwa 1981. Hawakubahatisha. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na VVU ni hodari wa kukosea. Vinasaba vyake vina herufi zipatazo 9,700 tu. Ukipata sampuli za miaka tofauti, unapima makosa yanaongezeka kwa kasi gani, kisha unahesabu kurudi nyuma hadi matawi yote ya ukoo wake yanapokutana.

Utamu uko Kinshasa, enzi hizo Léopoldville. Kuna damu ya mwanamume iliyochukuliwa 1959, na kipande cha tezi ya mwanamke cha 1960 kilichohifadhiwa ndani ya nta. Virusi vya watu hao wawili, waliopimwa mji mmoja ndani ya mwaka mmoja hivi, vilikuwa vimeshatofautiana mno. Tofauti ile haiji kwa miaka mitano! Mwanabiolojia Michael Worobey na wenzake walipopiga hesabu (2008) wakapata babu wa kundi M, lile lililoenea duniani, aliishi kati ya 1884 na 1924.

Kwa hiyo ile hadithi ya chanjo ya polio ya miaka ya 1950 kuleta UKIMWI haisimami, kirusi kilishatangulia. VVU vilitoka kwa sokwe, na wale wenye virusi vinavyokaribiana zaidi na kundi M wako kusini mashariki mwa Kamerun.