Saa ya mkononi na moyo wa mtoto: yaliyotupata sisi Lamu

Salaam dada wa Malindi. Umeuliza kama ununue ile saa ya shilingi 2,500 ya kupima moyo wa binti yako wa miaka sita, unaokwenda mbio ghafla. Mimi ningeziacha hizo hela mfukoni.

Kijana wangu yalimuanza ana miaka tisa. Yuko barazani anacheza bao na wenzake, mara anashika kifua: "Baba, moyo unaruka." Ukiweka kiganja unasikia kitu kinapapatika kama ndege aliyefungiwa kapuni. Dakika kumi, kisha kimya, kama taa iliyozimwa. Bibi yake akasema ni woga, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Qur'ani. Mimi nikampeleka hospitali mara tatu. Kila tukifika moyo umeshatulia, ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, inatoka safi, na daktari mmoja akaniambia nimpunguzie soda. Tukavuka hadi Mombasa akafungwa ile mashine ya kurekodi mapigo ya moyo saa 24. Siku hiyo moyo ulikaa na adabu kama mgeni.

Saa ya bei rahisi nilinunua pia. Moyo unakimbia hata huwezi kuuhesabu, yenyewe inasoma 96. Usiku nikaifunga kwenye taulo lililokunjwa: 74. Taulo! Saa hizi zinamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kukadiria. Mkono wa mtoto mwembamba, mkanda umelegea, hapo ni kubahatisha tu.

Kilichotufaa ni Apple Watch ya shemeji yangu, alipokuja likizo kutoka Doha. Si namba yake, ni kwamba inachora ECG: mtoto anaivaa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe cha pembeni, sekunde 30 bila kutikisika. Kampuni yenyewe imekiweka kipimo hicho kwa wenye miaka 22 na zaidi, kwa hiyo majibu inayoyaandika usiyategemee kwa mtoto. Mchoro ndio mali, na msomaji ni daktari. Mwaka 2023 madaktari wa watoto wa Stanford, Marekani, walieleza jinsi saa hizi zilivyowasaidia kuyanasa mapigo ya aina hii kwa watoto.

Sisi tuliunasa alasiri moja, katoka madrasa tu. Mapigo 214, kijana kaketi. Daktari alipouona mchoro hakuuliza mengi: SVT, umeme wa moyo unazunguka pasipo njia yake. Alama yake kubwa ni kuanza ghafla na kukoma ghafla. Mtoto aliyekimbia au mwenye homa moyo huenda mbio pia, lakini hupanda na kushuka taratibu. Sasa akishikwa anapuliza bomba la sindano tupu kwa nguvu mpaka kijiti cha ndani kitake kusukumika, kama alivyofundishwa, na mara nyingi moyo unarudi.

Huna saa ya ECG? Mrekodi video shingo na kifua, hesabu mapigo sekunde 15 uzidishe kwa nne, andika saa yalipoanza na yalipokoma. Lakini akizimia akikimbia au akiogelea, au kwenu kuna kijana aliyefariki ghafla, usingoje saa wala video, mpeleke leo.

Na mchoro ukiupata, uchapishe. Simu yetu iliisha chaji ndani ya basi, Mombasa tukafika mikono mitupu tukaanza kutafuta pa kuchajia.