Maswali na majibu: "Nimeambiwa mafuta ya goti yamekwisha. Je, niache kukimbia?"

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, nina umri wa miaka 41 na uzito wa kilo 82. Tangu mwaka jana nimekuwa nikikimbia kilomita 15 kwa wiki. Miezi miwili iliyopita nilinunua baiskeli ya mtumba yenye gia. Kila Jumamosi huiendesha hadi Mikese na kurudi, na Jumapili nimeanza kupanda njia ya Morningside kwa kutembea na kuteremka nikikimbia. Sasa ni wiki ya tatu goti la kulia linauma kwa mbele, hasa ninaposhuka ngazi na ninapoinuka baada ya kikao kirefu. Nikichuchumaa linalia, ingawa halijavimba. Muuzaji mmoja wa dawa za asili ameniambia kwamba mafuta ya goti yamekwisha kwa kuwa nimevuka miaka 40, na ana unga wa kuyarudisha kwa shilingi 60,000. Wengine wananishauri ninywe maji ya bamia. Je, niache kukimbia nibaki na baiskeli peke yake? Na kiti cha baiskeli kinapaswa kuwa na urefu gani?

Jibu: Mwalimu, usiache kukimbia, na tafadhali usinunue unga huo. Suala la kiti nitalifikia, kwa sababu huenda ndicho kinachokuumiza kuliko yote uliyoyataja. Lakini kwanza niruhusu nizungumzie hayo mafuta, maana hakuna wiki inayopita bila mtu kuingia katika chumba changu cha fiziotherapia na kuniambia, kwa uhakika kama wa mtu aliyeshika majibu ya maabara, kwamba mafuta yake ya magoti yamekwisha. Ninapomuuliza ni nani aliyeyapima, na kwa kipimo gani, hunyamaza.

Ndani ya goti hakuna mafuta ya kulainisha kama yale ya injini. Kuna ute mzito, wa kunata kidogo, unaofanana sana na ute mweupe wa yai bichi, na katika goti zima lenye afya ya mtu mzima ute huo huwa mililita chache tu, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Hautiwi kutoka nje, wala hauwekwi mara moja utotoni ukatumika hadi ukauke. Utando unaozunguka kiungo huutengeneza mchana na usiku kutokana na maji ya damu, huongeza humo kemikali inayoupa utelezi, na huufyonza uliokwisha kutumika. Gegedu, yaani ile ngozi nyeupe na ngumu inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu hata mmoja, hivyo chakula chake hukipata kupitia ute huo. Unapokanyaga, gegedu hubanwa na kutoa maji. Unapoinua mguu, huachiwa na kufyonza ute mpya, kama sifongo. Ndiyo maana goti lililofungwa plasta kwa wiki nyingi hutoka likiwa dhaifu, gegedu yake ikiwa imelegea. Kwa hiyo anayekuambia uketi ili kutunza "mafuta" yako anakuelekeza kulinyima goti lishe yake.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawa hawalisemi, pengine kwa kuwa hawalijui: goti linapoumia kweli, ute huongezeka. Nakumbuka fundi seremala mmoja aliyekuwa amemaliza miezi minne akinywa unga wa "kurudisha mafuta". Goti lake lilikuwa limejaa hadi mashimo yale mawili ya kando ya kilegesambwa, ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti, yametoweka, na ukilibonyeza upande mmoja unaona upande wa pili ukiinuka. Nilikuwapo chumbani daktari wa mifupa alipomchoma sindano na kuvuta maji. Bomba la kwanza la mililita 20 lilijaa, la pili likajaa, la tatu nalo likajaa. Maji ya rangi ya manjano hafifu, mepesi, yakidondoka kama maji ya kawaida badala ya kuvutika kama uzi. Yule fundi aliyatazama mabomba yale matatu kwenye sahani ya chuma, akauliza taratibu: "Sasa ni yapi yaliyokwisha?" Ugonjwa wake ulikuwa gegedu ya ndani iliyochanika, na miezi minne ilikuwa imepotea.

Sitawalaumu wauzaji peke yao, kwa sababu sisi wenyewe watu wa afya tumeichangia dhana hii. Mgonjwa hupigwa eksirei, picha huonyesha kwamba nafasi kati ya mfupa wa paja na wa muundi imepungua, na mtoa huduma mwenye foleni ndefu nje ya mlango humwambia kwa mkato kwamba "mafuta yamepungua." Eksirei haioni ute, wala gegedu haionekani humo, ile nafasi nyeusi ni unene wa gegedu isiyoonekana. Picha ikionyesha nafasi imebana, maana yake gegedu imepungua unene, na hilo halina uhusiano na kijiko cha ute. Tena magoti mengi ya watu wa umri wako huonyesha mabadiliko madogo kwenye picha ilhali wenyewe hawana maumivu yoyote, hivyo hata hiyo picha haitoshi kumhukumu mtu.

Bamia ni mboga nzuri. Endelea kuila. Lakini mlenda wake ni nyuzi za mmea ambazo tumbo la mwanadamu haliziyeyushi. Hufika kwenye utumbo mpana na kuliwa na bakteria wa huko. Hakuna njia inayoutoa utumboni na kuupeleka gotini ukiwa bado mlenda. Supu ya makongoro nayo humeng'enywa kuwa protini ndogo ndogo kama zitokanazo na maharage au samaki, na mwili huzipeleka unakotaka wenyewe. Hata vidonge vya glukosamini na kondroitini vinavyouzwa kwa wenye maumivu ya viungo, ambavyo angalau vimefanyiwa uchunguzi wa kweli, havikufaulu vizuri: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyochakaa, kwa kundi zima dawa hizo hazikupunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na kitu ndani. Ikiwa hali ni hiyo kwa dawa iliyopimwa, unga usio na lebo, uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, utatuaminishaje?

Sasa goti lako. Maumivu ya mbele, yanayochochewa na kushuka ngazi, kuteremka mlima na kukaa na magoti yaliyokunjwa, bila uvimbe wala ajali, ndiyo sura ya kawaida kabisa ya maumivu ya kilegesambwa. Kilegesambwa huteleza ndani ya mfereji wa mfupa wa paja, na kadiri goti linavyokunjwa huku misuli ya paja ikivuta kwa nguvu, ndivyo kinavyogandamizwa zaidi. Mteremko hufanya hivyo. Kiti cha baiskeli kilicho chini hufanya hivyo pia, maelfu ya mara kwa safari moja. Wewe ulikuwa na goti lililozoea kilomita 15 za tambarare kwa wiki, kisha ndani ya miezi miwili ukaliongezea safari ya Mikese na mteremko wa Morningside, siku mbili zinazofuatana. Umri haukuhitajika ili liume. Mlio unaousikia, kama hauambatani na maumivu papo hapo, uvimbe au kukwama, si ugonjwa. Magoti mengi mazima hulia, na wanaoambiwa kwamba mlio huo ni "mifupa inasagana" huanza kuogopa kuchuchumaa, misuli ikanywea, na hapo ndipo tatizo la kweli huanzia.

Kuhusu kukimbia na uchakavu wa magoti, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti mbalimbali, ulikuta kuchakaa kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Takwimu za namna hii hazithibitishi kwamba kukimbia ndiko kulikowakinga wale wa kwanza, kwa kuwa huenda wenye magoti mabovu waliacha mapema. Hata hivyo, ni vigumu kuzitazama na bado kumwambia mwalimu wa miaka 41 anayekimbia kilomita 15 kwamba anajimaliza.

Kwa wiki tatu au nne zijazo, acha kuteremka Morningside ukikimbia. Panda kwa miguu ukipenda, na ushuke ukitembea polepole. Endelea kukimbia kwenye tambarare, kwa umbali ambao maumivu hayazidi matatu kwa kipimo cha kumi, na ambao kesho yake asubuhi goti huwa limerudi kama lilivyokuwa. Hesabu mara ngapi mguu wa kulia unagusa ardhi kwa dakika moja. Kama ni 78, jaribu kufikisha 82 hadi 84 bila kuongeza kasi, yaani hatua fupi zaidi na za haraka zaidi. Ongezeko la asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo wa goti kwa namna inayopimika.

Kiti cha baiskeli, nina karibu uhakika, umekiweka mahali ambapo ukisimamisha baiskeli unaweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili huku umeketi. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo kwa kuogopa kuanguka, na ni chini mno. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino kwenye pedali na uishushe hadi mwisho wa chini: mguu unapaswa kunyooka kabisa. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35, na hicho ndicho unachokitafuta. Ukitaka kuhakikisha kwa futi, simama bila viatu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, kisha zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata takriban sentimita 70.6, na huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli inayozungusha mikono ya pedali hadi juu ya kiti, ukifuata mwelekeo wa bomba la kiti. Usikipandishe chote siku moja; nusu sentimita kila baada ya safari moja au mbili inatosha. Goti likianza kuuma kwa nyuma, au nyonga zikianza kuyumba huku na huku, umepitiliza. Na acha gia nzito. Mzunguko wa pedali 80 kwa dakika kwenye gia nyepesi hulitendea goti wema kuliko 50 za kusukuma kwa nguvu, hata kama mwendo ni uleule.

Tiba yenyewe hasa ni misuli. Simama kwa mguu unaouma kwenye kidato kimoja cha ngazi, shusha mguu usiouma polepole hadi kisigino kiguse chini, kisha urudi juu, mara kumi hadi kumi na mbili kwa seti tatu, siku tatu kwa wiki, ukiangalia goti lisiangukie ndani. Lala ubavu na uinue mguu wa juu uliounyoosha ili kuimarisha misuli ya nyonga. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Najua ni muda mrefu, na najua pia kwamba ndiyo sababu unga unauzika: mwenye unga huahidi siku saba.

Ahadi hiyo ya siku saba ndiyo inayonitisha kuliko upotevu wa fedha. Unga "wa mitishamba" ukikuondolea maumivu ya viungo kwa siku mbili, shuku kwamba ndani yake mna dawa ya hospitali. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama virutubisho vya asili, ambazo maabara ilizikuta na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya homoni, zisizotajwa kwenye lebo. Diklofenaki kwa mtu anayekimbia juani akiwa amepungukiwa maji huweza kuumiza figo, na huweza kutoboa tumbo. Deksamethasoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na hunenepesha uso kiasi kwamba watu humsifu mgonjwa kuwa amenawiri. Baya zaidi, ikitumiwa kwa wiki nyingi, mwili huacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo, na mtu akikatisha ghafla anaweza kuanguka kwa shinikizo kushuka.

Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda, lililokwama lisinyooke, lililo jekundu na la moto pamoja na homa, au linalokuamsha usiku, lisisubiri mazoezi wala barua kwa mtaalamu. Lipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na yeyote anayesoma hapa ambaye tayari ametumia unga wa viungo kwa zaidi ya wiki mbili au tatu asiutupe leo kwa hasira. Aende hospitali akiwa na mfuko wenyewe mkononi, amweleze daktari ametumia kwa muda gani na kiasi gani, apimwe sukari, shinikizo la damu na figo, na daktari ndiye aamue namna ya kuuacha.