Mwanangu, Usisimamishe Matunzo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Umeuliza kwamba, kwa kuwa mama wa watoto wako amekuzuia kuwaona kwa miezi kadhaa ilhali amri ya mahakama imekupangia siku zako, je, sheria inakuruhusu kusimamisha fedha za matunzo mpaka akufungulie mlango? Jibu ni hapana. Katika sheria za nchi nyingi, matunzo ya watoto na haki ya kuwaona ni mambo mawili yanayojitegemea, hata yakiandikwa katika amri moja, na mzazi anayekiuka la pili hampi mwenzake ruhusa ya kukiuka la kwanza. Ukisimamisha malipo deni litaendelea kuhesabika, na siku utakapofika mbele ya hakimu kulalamika kwamba amri haikuheshimiwa, wewe ndiye utakayeanza kuulizwa umeiheshimu kwa kiasi gani.

Hata hivyo, nionavyo mimi, kinachokunyima usingizi si fedha. Unataka kujua kama ungali baba wa watoto hao baada ya hukumu kusema kwamba watakaa na mama yao, na hilo ndilo ninalotaka kulijibu.

Neno langu unalijua, kwa maana nimelirudia tangu wewe na dada yako mkiwa wadogo: haki ni ya mtoto. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikinakili amri za talaka, na nimewaona wazazi wengi wakitoka mahakamani, mmoja akisema ameshinda watoto na mwingine akilia kwamba amenyang'anywa. Sijawahi kunakili amri yenye maneno hayo. Amri husema mtoto atakaa na nani, mzazi mwingine atamwona lini, na nani atachangia nini katika malezi yake. Talaka huvunja ndoa; uzazi haiuvunji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 9, unatambua haki ya mtoto aliyetenganishwa na mzazi wake kudumisha uhusiano naye na kukutana naye mara kwa mara, isipokuwa pale inapokuwa kinyume na masilahi ya mtoto huyo. Ibara ya 27 ya mkataba huohuo inazitaka nchi zihakikishe kwamba matunzo yanapatikana kutoka kwa wazazi. Katika ibara zote mbili mwenye haki ni mtoto, na ndiyo sababu huwezi kuzuia moja ili ulipwe kwa nyingine: zote mbili si zako, wala si za mama yao.

Usidhani kwamba sheria imesema hivyo siku zote. Huko Uingereza, Caroline Norton alichukuliwa wanawe watatu na mumewe mwaka 1836, na sheria ya wakati huo ilimhesabu baba kuwa mwenye watoto, hata mama asiwe na pa kulalamikia. Ni kwa juhudi zake kwamba mwaka 1839 bunge lilipitisha sheria iliyowaruhusu akina mama kuomba kukaa na watoto wao walio chini ya miaka 7. Nakukumbusha hayo kwa sababu baba anayesema leo kwamba watoto ni wake kwa kuwa yeye ndiye anayelipa anarudi kulekule.

Sasa nikueleze jambo ambalo ulikuwepo lakini hukulielewa, maana ulikuwa mdogo mno. Mwaka ule baada ya mimi na mama yako kutengana, nilikwenda shuleni kwenu siku ya wazazi kuchukua ripoti yako. Ada nilikuwa nimelipa mimi, na amri ya mahakama nilikuwa nayo mfukoni. Mwalimu mkuu alinitazama, akatazama daftari lake, akasema mbele ya wazazi wengine kwamba ripoti hupewa mzazi aliyekabidhiwa mtoto, na kwamba mimi niende nikaombe kwa mama. Nilimweleza kwa upole kwamba amri ile ilipanga mahali pa kulala mtoto tu, na haikunifuta katika orodha ya wazazi. Hakutaka hata kuisoma. Miaka yote hii imepita na bado nikilikumbuka jina la shule ile moyo unanichoma.

Lakini mama yako, ambaye wakati ule hatukuwa tukisemezana isipokuwa kupitia mawakili, alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Aliingia, akamwambia mwalimu mkuu, "Huyu ni baba yake. Mpe ripoti, na safari nyingine usimuulize." Kisha akatoka bila kunitazama. Sikumshukuru siku ile, maana hakunipa nafasi, lakini tangu hapo sijaruhusu mtu amseme vibaya mbele yangu, nanyi mnalijua hilo.

Najua utasema kwamba mama yako alikuwa na moyo huo na mkeo wa zamani hana. Huenda ni kweli. Nami najiuliza kama ninakutaka uvumilie kupita kiasi, kwa sababu mtu anayelipa kila mwezi na kila mara akakuta geti limefungwa anadhulumiwa, na ni aibu kumwambia mtu anayedhulumiwa atulie tu. Kisha najijibu kwamba sikuambii utulie, bali ninakuambia dai hilo lipeleke mahakamani, usilitoe tumboni mwa watoto. Omba amri itekelezwe, na kama mambo yamebadilika omba irekebishwe, kwa kuwa amri za watoto hazifungwi moja kwa moja kama hukumu ya shamba.

Lile wazo lako la kuwachukua siku ya zamu yako na kuvuka nao mpaka, liache kabisa. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 ulitungwa kwa ajili ya hilohilo: katika nchi zilizouridhia, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyeondolewa kinyume cha haki hurudishwa alikokuwa akiishi, na mzazi aliyemchukua huanza kesi yake akiwa amekwisha kujichafua.

Umeniomba niseme kama mkwe wangu ana hila. Ulimi unaniwasha, kwa kuwa wajukuu wangu nami sijawaona. Lakini upande wake sijausikia, na kama kuna hofu anayoijua yeye kuhusu watoto, hiyo ni ya kusikilizwa na hakimu, si na mimi. Kwa hiyo sitasema.

Endelea kulipa kupitia benki ili kila malipo yawe na ushahidi, andika tarehe ya kila siku uliyokwenda ukazuiwa, na unitumie nakala ya amri, kurasa zote, nikisome kipengele cha siku za kuwaona kabla hujaonana na wakili.

Baba yako