"Glow", "glisten", "glitter": kwa nini kamusi inasema "kung'aa" tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi inakupa "kung'aa" kwa maneno yote hayo ya Kiingereza, halafu ukiyabadilishana unaambiwa umekosea. Nami nilipita hapo. Niliwahi kuandika insha juu ya bibi yangu, nikasema macho yake "were glaring at me", nikikusudia kwamba yaling'aa kwa furaha. Mwalimu akaandika pembeni: bibi alikasirishwa na nini? "Glare" ni mwanga mkali unaoumiza macho, kama jua la utosi juu ya bati. Kwa mtu, ni kumkazia mwenzako macho kwa hasira. Iliniuma, maana bibi hakuwahi kunitazama hivyo.

Nikaacha kukariri orodha. Usiku mmoja niliwasha mshumaa, nikaweka mezani kisu na glasi iliyotoka kuoshwa. Mlango ukifunguliwa, mwali unayumba, unataka kuzimika, unarudi: "flicker". Nikaupuliza. Utambi ukabaki na wekundu uliotulia, usio na mwali: "glow". Nikawasha tena. Glasi inang'aa kwa sababu ina maji: "glisten", neno la vitu vilivyolowa, ndiyo maana utalikuta sana kwenye jasho na machozi. Kisu nilipokigeuza kilitoa mmweko mmoja mfupi, ukapotea: "glint". Kikitulia, ule mng'ao wa chuma kilichosuguliwa ni "gleam".

Kwa hiyo usianze na ukali wa mwanga. Tazama unatoka kwenye kitu gani, na umetulia au unacheza. "Glitter" ni nukta nyingi ndogo zinazometameta, kama shanga. "Twinkle" waachie nyota. "Shimmer" ndilo ninalolipenda kuliko yote: mwanga laini unaotetemeka, kama mbalamwezi juu ya maji yanayotikisika kidogo.

Utaona pia mengi yanaanza na gl-. Mwaka 1930 mwanaisimu J. R. Firth alivipa vipande vya sauti vya namna hiyo, vinavyoambatana na maana fulani katika maneno mengi, jina la fonestimu. Inasaidia kukumbuka, lakini si kanuni. "Glove" na "glue" hayana mwanga wowote.

Sasa sentensi yako, "the road glittered after the rain". Kama ni lami iliyolowa tu, andika "glistened". Kama ulikuwa unaona vipande vya kioo vimetapakaa barabarani, acha "glittered" ibaki.