Usimtie huyo kangaja kwenye tangi kubwa leo, hata kama muuzaji ameapa

Usimtie. Ndugu yangu, nilisoma swali lako mpaka pale uliposema umenunua kangaja buluu, samaki wa bahari wa kufugwa tangini, yuko kwenye ndoo, na jioni hii unamhamishia kwenye tangi la lita 400 pamoja na samaki wa anemoni uliowalea mwaka mzima. Hapo nikaacha kusoma nikaanza kuandika. Hayo uliyouliza ya taa na chakula yatasubiri.

Unasema muuzaji amekuhakikishia kwamba samaki amekaa dukani wiki nzima, anakula, hana doa hata moja, tena ametoka bahari yetu wenyewe hapa pwani, si wa kutoka Indonesia aliyefika hoi. Maneno hayo hayo ndiyo niliyouziwa mimi. Sasa soma yaliyofuata.

Kangaja wangu aliingia tangini akiwa anang'aa, na wiki ya kwanza nilikaa mbele ya kioo kila nikitoka kazini. Kisha asubuhi moja nikaona kitu kwenye pezi la ubavuni, lile jembamba unaloweza kuona mwanga upande wa pili: vidoa vitatu vinne vyeupe, kama chembe za chumvi. Jioni yake alikuwa akijikwaruza ubavu kwenye mawe. Nikampigia muuzaji simu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ni uchovu wa safari, nimchanganyie kitunguu saumu kwenye chakula na nichukue kwake uduvi wa kusafisha samaki, wale wanaodonoa uchafu kwenye ngozi yao. Nikachukua.

Siku chache baadaye madoa yakapotea kabisa. Samaki akawa safi, anakula kama kawaida. Muuzaji akasema, "Si nilikuambia?" Na hapo hapo akaniuzia samaki mwingine. Bado hili linaniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu anayeuza samaki wa bahari kila siku ana wajibu wa kujua kwamba madoa kupotea si kupona.

Kile kidoa cheupe ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, kimejichimbia chini ya utando wa ngozi ya samaki kikila. Hukaa hapo siku 3 hadi 7, kikishiba kinajichomoa na kushuka. Ndiyo maana doa "linapona". Kikifika chini kinajishikiza kwenye mchanga, mawe au kioo, kinajifunga ndani ya kifuko kigumu na kuanza kujigawa. Kifuko kimoja kinaweza kutoa vimelea wachanga kwa mamia, na kila mmoja ana kama siku moja au mbili za kuogelea amtafute samaki kabla hajafa. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki nne, lakini vimewahi kuonekana maabara vikikaa mpaka siku 72. Kwa hiyo wakati mimi na muuzaji tunapongezana kwenye simu, mchangani kulikuwa na kizazi kizima kinasubiri.

Na hilo la "ametoka bahari yetu" lisikutulize. Baharini kimelea hicho kipo pia, ila kikipasuka kule wachanga wengi hupotea kwenye maji yasiyo na mwisho wasimpate samaki. Kwenye lita 400 wengi zaidi wanampata. Kangaja buluu, Acanthurus leucosternon, ni mmoja wa wanaojulikana zaidi kwa kushikwa haraka. Akiwa na hofu ya mahali papya ndiyo kabisa.

Madoa yaliporudi hayakurudi kwa kangaja peke yake. Yalifunika samaki wote. Wengine walijibanza juu mbele ya mdomo wa pampu, vifuniko vya matamvua vinafunguka na kufunga upesi upesi, kwa sababu vimelea huwa vimejaa kwenye matamvua kabla hujaona chochote kwenye ngozi. Nikampigia muuzaji tena. Safari hii akaniambia nimwage dawa ya shaba humo humo tangini, "kifuniko kimoja na nusu," bila kuniuliza ndani mna nini wala kama nina kipimo.

Ikamwagwa. Uduvi alioniuzia yeye mwenyewe ndio waliokufa wa kwanza, usiku huo huo, kwa sababu shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo. Konokono wakafuata. Anemoni, yule kiumbe laini anayeshika mwamba, akajikunja, akaachia mwamba, akaanza kuoza na kuchafua maji, na samaki waliokuwa wamebaki na nguvu wakaondoka na hayo maji. Mawe na mchanga wa matumbawe vilinyonya shaba, kwa hiyo dawa yenyewe haikufika hata kiwango cha kuua kimelea. Mawe yale sikuyaamini tena kuweka kiumbe kisicho na uti wa mgongo. Tangi zima lilianza upya, kuanzia mchanga.

Kwa hiyo sikiliza kanuni moja tu, na hii nakuomba uishike hata ukisahau mengine yote: samaki mpya anakaa tangi la peke yake mwezi mzima na dawa inayopimwa, ndipo anaingia tangi kubwa. Hakuna samaki wa kusamehewa. Si wa duka unaloliamini, si wa rafiki, si yule "anakula vizuri".

Tangi la karantini si kitu cha fahari. Lita 80 hadi 100 zinatosha kwa kangaja mdogo. Ndani usiweke mchanga wala mawe, weka vipande vya bomba la plastiki ajifiche, hita, na filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Ile sponji iwe imekaa wiki kadhaa kwenye maji ya tangi lako kubwa kabla samaki hajaja, ipate bakteria, la sivyo amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki mwenyewe, itamuua kabla ya kimelea. Nunua kipimo cha amonia na ukitumie kila siku. Usitie dawa za kupunguza ukali wa amonia pamoja na shaba, zikikutana baadhi yake huifanya shaba kuwa sumu zaidi kwa samaki. Badilisha maji tu, na maji mapya yawe na dawa kwa kiwango kile kile.

Shaba yenyewe: soma chupa ujue ni ya aina gani. Ya kawaida, isiyofungwa, inashikiliwa kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Zile zilizofungwa ndani ya kemikali nyingine hupimwa kwa kiwango tofauti kabisa, nyingi ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Ukichanganya hizo mbili unamuua samaki au humtibu. Panda polepole kwa siku mbili hivi, kisha usishuke chini ya kiwango kwa siku 30, kwa sababu shaba inamuua kimelea pale tu anapoogelea. Aliye ndani ya ngozi haguswi, aliye kwenye kifuko haguswi. Kikishuka siku moja, hesabu inaanza upya. Na tafadhali, asikushauri mtu ununue mrututu (chumvi ya shaba ya kunyunyizia mimea) wa duka la kilimo ukoroge kwa macho. Bila kipimo cha shaba usianze.

Kitunguu saumu ni chakula. Uduvi hawezi kumchomoa kimelea aliye chini ya ngozi. Kumwogesha samaki dakika tano kwenye maji yasiyo na chumvi kunaangusha minyoo bapa ya ngozi, utaiona ikigeuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo, lakini madoa haya hayatoki kwa njia hiyo.

Wavu wa karantini, ndoo na mpira wa kuvutia maji visikutane na tangi kubwa hata ukiwa na haraka. Mikono osha na ukaushe.

Na kama wakati unasoma hapa umeshamtia, usiongeze chochote ndani. Madoa yakitokea, toa samaki wote, wote kabisa, wapeleke kwenye dawa nje, na tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja siku 76. Konokono na matumbawe waache humo, wao hawamlishi kimelea huyu.

La taa wenzangu watakusaidia. Wewe niandikie hapa chini ndoo imekaa na hewa tangu saa ngapi, una tangi gani la akiba hata kama ni la plastiki, na chupa ya dawa iliyopo dukani karibu nawe imeandikwa nini. Niko mtandaoni usiku wote, tukupigie hesabu.