Jibu: Punje za dhahabu za mtoni zinatoka wapi?

Ndugu uliyeokota punje za dhahabu kwenye kijito kule Mwenga, mashariki mwa Kongo, ukaambiwa zililetwa na volkano: mimi nimechimba dhahabu Kamituga, huko huko Mwenga, miaka sita kabla ya kuhamia Bukavu, na swali hilo nimelala nalo shimoni.

Volkano hapana. Lava iliyogeuka udongo mwekundu hapa Bukavu ni changa. Miamba ya Kamituga ilikuwa matope na mchanga zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ikabanwa, ikakunjwa, ikapasuka. Maji ya moto yakapanda kwenye zile nyufa yakibeba dhahabu, na mgandamizo uliposhuka jiwe jeupe likaganda humo, dhahabu ndani yake. Huo mshipa wa jiwe jeupe ndio filoni. Mahali inanenepa, mahali inabaki kidole kimoja, inapotea, inatokea tena mbele. Jiwe jeupe safi kama chumvi tulilitupa. Tulitafuta lenye kutu, lenye vitundu vilivyoachwa na piriti iliyooza, yaani madini ya manjano yanayofanana na dhahabu. Akina mama watwangaji walilitambua kwa macho kabla halijaingia kinuni.

Sasa weka punje moja juu ya ukucha. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, mchanga haufiki hata mara 3, kwa hiyo inajificha nyuma ya mawe makubwa na kwenye mipasuko ya mwamba wa chini. Ikiwa na pembe kali, au bado imeshika kipande cheupe, kwao ni karibu. Ikiwa laini, bapa kama mbegu ya nyanya, imesafiri.

Mimi mwaka wa pili nilipata punje laini juu kilimani, nikafukuza filoni miezi mitatu. Haikuwepo. Ukuta wa shimo ulijaa changarawe za mviringo na sikuzisoma: pale palikuwa sakafu ya mto wa zamani, mto ukachimba bonde ukaiacha juu. Inaniuma mpaka leo, maana vijana wanne walinifuata mle ndani.

Ukishuku ni piriti, igonge kwa nyundo. Dhahabu inabonyea, piriti inasagika.

Panda kijito polepole. Kila kijito kingine kinapoingia, osha karai moja la mchanga kila upande na uhesabu punje. Zikikatika ghafla umeshaipita filoni, rudi nyuma utazame kingo zote mbili, ukitafuta lile jeupe lenye kutu. Kuchimba subiri mvua iishe, udongo uliolowa unaanguka bila kuonya. Tuwekee picha ya hiyo punje, ikiwa juu ya ukucha.