Jibu: Kwa nini Kisindhi kina hati zaidi ya moja

Ndugu, umeuliza kwa nini Kisindhi, lugha ya Sindh (jimbo la Pakistani), huandikwa kwa hati mbili, yaani aina mbili za maandishi, na kama herufi za Kiarabu zinakitosha. Peke yake hazitoshi. Mwaka 1853, chini ya utawala wa Waingereza, alfabeti ya Kiarabu iliongezewa herufi hadi zikafika 52, na ndiyo inayotumika Pakistani hadi leo. Tazama ٻ: ni be, herufi ya b ya Kiarabu, yenye nukta mbili chini, moja juu ya nyingine, iliyowekwa kwa ajili ya b inayotamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Sisi tunaitamka sauti hiyo kila tusemapo "baba", lakini kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi b mbili, hatukuhitaji herufi ya pili. Msindhi anaihitaji, kwani kwake maana ya neno hubadilika.

Wahindu wengi wa Sindh walihamia India baada ya mgawanyiko wa India na Pakistani wa 1947, na huko Kidevanagari, hati inayotumika pia kwa Kihindi, ambacho huonyesha sauti hiyo kwa mstari chini ya herufi, hutumika pamoja na hati ya Kiarabu. Wafanyabiashara wa Kisindhi nao walikuwa na hati yao, Kikhudabadi, ambacho mara nyingi kiliacha irabu; kinastahili kukumbukwa.